Moyo Upandapo Mlima: Mzunguko wa Damu na Mazoezi katika Nyanda za Juu Kusini

Msafiri ashukaye basi Ipogolo, kando ya barabara kuu iendayo Mbeya na Zambia, huuona mji wa Iringa ukiwa juu yake, ukingoni mwa mlima. Akiamua kwenda mjini kwa miguu, hana budi kuukabili mwinuko mkali. Na uchukuliwe mfano wa mama aliyejitwika ndoo ya nyanya, anayeupanda mwinuko huo ili awahi soko. Alipokuwa ameketi ndani ya basi, moyo wake ulipiga mara 70 hivi kwa dakika, wala hakuwa na habari nao. Baada ya dakika chache za kupanda, moyo huo huo unapiga mara 140, pumzi zinafuatana upesi, na jasho limeanza kumtiririka usoni.

Watu wengi hudhani kwamba dalili hizo ni za udhaifu. La hasha. Katika mwili wenye afya, hizo ni dalili za mtambo unaofanya kazi yake barabara. Jinsi mtambo huo unavyofanya kazi ni jambo linalowahusu wakazi wa Iringa na Mbeya zaidi leo kuliko zamani. Kwa miaka mingi milima ya nyanda hizi iliwafanyisha wananchi mazoezi bila malipo: kwenda shambani, kuteka maji, kukata kuni, kubeba viazi na pareto hadi barabarani. Siku hizi pikipiki hufika karibu kila kijiji, na kazi nyingi za mjini hufanywa kwa kuketi. Wakati huo huo, uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2012 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima 1 katika kila 4 nchini Tanzania alikuwa na shinikizo la juu la damu, maradhi ambayo wengi huyaita presha. Mambo haya mawili hayakukutana kwa bahati tu.

PAMPU MBILI KATIKA KIUNGO KIMOJA

Moyo wa mtu mzima una ukubwa unaokaribia ngumi yake, na uzito wa gramu 300 hivi. Umejengwa kwa misuli, nao umegawanyika katika vyumba vinne: viwili vya juu viitwavyo oriko, ambavyo hupokea damu, na viwili vya chini viitwavyo ventriko, ambavyo huisukuma. Kwa hakika moyo ni pampu mbili zilizoshikamana. Pampu ya kulia hupokea damu iliyokwisha toa oksijeni yake mwilini na kuisukuma kwenda mapafuni. Pampu ya kushoto hupokea damu irudiyo kutoka mapafuni ikiwa imejaa oksijeni, na kuisukuma kwenda mwili mzima. Kati ya vyumba kuna vali, mfano wa milango ifungukayo upande mmoja tu, ili damu isirudi ilikotoka.

Mishipa itoayo damu moyoni huitwa ateri, na ile iirudishayo huitwa vena. Kati yake kuna mishipa midogo mno, kapilari, ambayo wembamba wake huzilazimisha chembechembe nyekundu za damu kupita moja baada ya nyingine. Hapo ndipo oksijeni na chakula hutolewa, na hewa ya kaboni dioksidi pamoja na takataka nyingine huchukuliwa.

Ujuzi huu haukupatikana kwa siku moja. Kwa karne nyingi waganga wa Ulaya na Mashariki waliamini kwamba damu hutengenezwa katika ini na kuishia mwilini, kama maji ya mfereji yanavyonywewa na shamba. Katika karne ya 13 tabibu Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Damascus na Cairo, alieleza kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo kwenda wa kushoto kwa kupitia mapafuni. Mwaka 1628 William Harvey wa Uingereza alichapisha ushahidi kwamba damu yote huzunguka. Hoja yake mojawapo ilikuwa ya hesabu. Kwa vipimo vya leo, kila pigo la moyo wa mtu aliyetulia hutoa mililita 70 hivi. Mapigo 70 kwa dakika hutoa karibu lita 5, ambacho ndicho kiasi cha damu yote aliyo nayo mtu mzima. Kwa siku moja moyo husukuma lita 7,000 hivi, yaani ndoo 350 za lita 20, mfano wa ndoo ile aliyojitwika mama wa Ipogolo. Hakuna ini liwezalo kutengeneza damu kwa wingi huo. Ni dhahiri kwamba damu ni ile ile, nayo huzunguka.

HATUA ZA KWANZA ZA MLIMA

Katika ukuta wa oriko ya kulia kuna fungu la chembechembe zinazoanzisha kila pigo. Zikiachwa peke yake, zingeupigisha moyo mara 100 hivi kwa dakika. Mtu akiwa ametulia, neva itokayo kwenye ubongo huzizuia na kuzituliza. Kwa hiyo mama anapoanza kupanda, jambo la kwanza si kuuhimiza moyo, bali ni kuacha kuuzuia, kama vile dereva anavyouondoa mguu kwenye breki kabla ya kukanyaga mafuta. Ndiyo maana mapigo huongezeka mara moja, katika hatua za mwanzo kabisa. Na aghalabu huongezeka kidogo hata kabla ya hatua ya kwanza, pale mtu anapoutazama mlima tu. Baadaye neva nyingine na homoni ya adrenalini huuhimiza moyo upige upesi na kwa nguvu zaidi.

Hata hivyo, pampu iendayo mbio haina faida ikiwa haijazwi. Hapa miguu yenyewe husaidia. Kila misuli ya miguu inapokaza, huzikamua vena zilizo kati yake. Na kwa kuwa vena hizo zina vali, damu haina njia ila kupanda kuelekea moyoni. Damu nyingi ikiingia, kuta za moyo huvutika, na kadiri zinavyovutika ndivyo zinavyokaza kwa nguvu, kama upinde ambao ukivutwa zaidi huupeleka mshale mbali zaidi. Tabia hii ya moyo ilielezwa na Otto Frank wa Ujerumani na Ernest Starling wa Uingereza, miaka ya mwisho ya karne ya 19 na ya mwanzo ya karne ya 20. Kwa sababu hiyo pigo moja linaweza kufikia mililita 100 au zaidi. Mapigo 140 yenye mililita 100 kila moja ni lita 14 kwa dakika, karibu mara tatu ya kiasi cha mtu aliyeketi. Mkimbiaji hodari aliyezoezwa kwa miaka mingi anaweza kupita lita 30.

DAMU HUGAWANYWA UPYA

Wingi wa damu peke yake hautoshi. Lazima pia ipelekwe mahali inapohitajika. Wakulima wa mpunga wa bonde la Usangu, mkoani Mbeya, wanalijua jambo hili vizuri. Maji ya mfereji hayamwagwi mashamba yote kwa pamoja. Lango moja hufunguliwa, jingine hufungwa, kwa kadiri ya haja ya kila shamba.

Mwili hufanya vivyo hivyo. Mtu akiwa ametulia, misuli yake hupata karibu moja ya tano tu ya damu itokayo moyoni, na figo, ini na matumbo huchukua sehemu kubwa. Katika kazi nzito mgawo hubadilika kabisa, na misuli inaweza kupata nne ya tano. Mishipa ya matumbo na figo hujibana. Mishipa ya misuli inayofanya kazi hutanuka, kwa kuwa kazi yenyewe huzalisha vitu vinavyoiamuru itanuke, na kuta za mishipa hutoa hewa ya oksidi ya nitriki inayoilegeza. Ubongo hupunjwi kamwe. Ngozi nayo huongezewa damu ili joto lipate kutoka, na ndiyo sababu uso hupata joto na jasho hutoka. Hapa panaonekana pia kwa nini si vema kukimbia mara baada ya mlo mzito: tumbo na miguu hudai damu kwa wakati mmoja.

Wakati wa kazi hiyo shinikizo la damu hupanda, hasa kile kipimo cha juu, ambacho kinaweza kutoka 120 hadi 160 au zaidi. Kwa mtu mwenye afya, kupanda huko ni kwa muda tu. Akipumzika hurudi chini, na mara nyingi hukaa chini kidogo ya kawaida kwa saa kadhaa.

HEWA YA MILIMANI

Mji wa Iringa uko kiasi cha meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya kiasi cha meta 1,700. Uwanda wa Kitulo uko meta 2,600 hivi. Sehemu ya oksijeni katika hewa haibadiliki. Ni asilimia 21 pwani na milimani sawasawa. Kinachobadilika ni uzito wa hewa yenyewe. Aliye pwani amelemewa na hewa yote iliyo juu yake, nayo imeshindiliwa. Aliye mlimani ameacha sehemu ya hewa hiyo chini yake, na iliyobaki imetawanyika. Kwa hiyo kila pumzi ivutwayo Iringa au Mbeya huwa na oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ile ivutwayo Dar es Salaam. Na Kitulo upungufu hupita robo.

Mgeni kutoka pwani akipanda mlima wa Loleza, ulio juu ya mji wa Mbeya, katika siku zake za kwanza, moyo wake hupiga upesi kuliko wa mwenyeji, kwa kuwa damu yenye oksijeni kidogo lazima izungushwe mara nyingi zaidi. Baada ya muda mwili hujirekebisha. Figo huhisi upungufu na kutoa homoni iitwayo erithropoetini, inayoyaamuru mafuta ya ndani ya mifupa yatengeneze chembechembe nyekundu zaidi. Kazi hii huchukua wiki kadhaa, nayo huhitaji madini ya chuma yapatikanayo katika nyama, dagaa, maharage na mboga za majani. Mtu aliyepungukiwa na damu kwa sababu ya malaria au minyoo ya safura hawezi kuifaidi milima ipasavyo. Moyo wake hukimbia ili kufidia upungufu huo, hata katika kazi ndogo.

Dunia iliushuhudia uwezo wa hewa ya milimani mwaka 1968, michezo ya Olimpiki ilipofanyika katika Jiji la Mexico, lililo meta 2,240 juu ya usawa wa bahari. Mbio fupi zilikwenda kasi, kwa kuwa hewa nyepesi haimzuii sana mkimbiaji, na mbio hizo humalizika kabla mwili haujaanza kutegemea sana oksijeni ya pumzi. Mbio ndefu ziliwashinda wengi waliotoka nchi za tambarare. Naftali Temu na Kipchoge Keino wa Kenya, pamoja na Mamo Wolde wa Ethiopia, wote wenyeji wa nyanda za juu, walitwaa dhahabu. Miaka sita baadaye, Februari 1974, Filbert Bayi wa Tanzania, mzaliwa wa Karatu katika nyanda za juu za kaskazini, aliweka rekodi ya dunia ya meta 1,500 huko Christchurch, New Zealand, kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Mwinuko peke yake haumfanyi mtu kuwa bingwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Chombo hicho huundwa kwa mazoezi.

MOYO HUJIFUNZA, NA MOYO HUSAHAU

Mtu aanzaye kupanda mlima kila siku huona mabadiliko katika muda wa wiki chache. Kwanza sehemu ya majimaji ya damu huongezeka, na moyo hujaa vizuri zaidi. Kisha ventriko ya kushoto hupanuka na kupata nguvu, na katika misuli kapilari mpya huchipuka. Kwa kuwa kila pigo sasa hutoa damu nyingi, moyo hauna haja ya kupiga mara nyingi. Aliyekuwa na mapigo 75 akiwa ametulia anaweza kushuka hadi 60, na miongoni mwa wakimbiaji hodari mapigo 40 si jambo la ajabu. Kadhalika kuta za ateri hubaki laini, na kwa watu wenye shinikizo la juu, mazoezi ya kila wiki huweza kulipunguza kwa vipimo 5 hadi 8.

Lakini moyo hujifunza lile tu unaloombwa, na usipoombwa husahau. Mwaka 1966, mjini Dallas, Marekani, vijana watano wenye afya walikubali kulala kitandani kwa wiki tatu mfululizo. Walipoinuka, uwezo wa miili yao wa kutumia oksijeni ulikuwa umepungua kwa zaidi ya robo. Watu hao hao walipopimwa tena miaka 30 baadaye, ilionekana kwamba wiki tatu za kulala ziliwadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuzeeka.

Ushahidi mwingine ulitoka katika mabasi ya ghorofa ya London. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha matokeo ya kuwalinganisha madereva, walioketi siku nzima, na makondakta, waliopanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Makondakta walipatwa kidogo zaidi na maradhi ya mishipa ya moyo. Nchini Tanzania kwenyewe, Wahadzabe wa karibu na ziwa Eyasi walivalishwa vifaa vya kupimia mapigo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Watu hao, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, hufanya kazi ya kuuamsha moyo kwa zaidi ya saa 2 kila siku, na shinikizo la juu la damu ni haba miongoni mwao hata uzeeni.

Mkulima wa Uporoto aliyehamia mjini na kupata kazi ya ofisini hana budi kuyatafakari mambo haya. Chakula chake huenda kimeongezeka, chumvi na mafuta vimezidi, na mlima umeondoka katika siku yake. Moyo wake nao unasahau.

KIPIMO KISICHOHITAJI FEDHA

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kila wiki. Dakika 30 za kutembea upesi, siku tano kwa wiki, zinatosha kuanzia. Lakini kadiri ni kiasi gani? Jibu limo katika mchakamchaka, ambao kila aliyesoma shule ya msingi nchini au aliyepita kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, kama ile ya Mafinga, anaujua. Kiongozi huimba, kundi huitikia, miguu hufuata. Maadamu mkimbiaji anaweza kuitikia wimbo, moyo na mapafu yake vinaitosheleza misuli. Akishindwa kuitikia, amevuka mpaka wa kadiri, na anayeanza mazoezi apunguze mwendo.

Kipimo cha pili ni mapigo yenyewe. Mtu aweke vidole viwili, si kidole gumba, juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, upande wa gumba. Ahesabu mapigo kwa sekunde 30, kisha ayazidishe mara mbili. Apime asubuhi kabla hajainuka kitandani. Kisha, siku hiyo hiyo, apande na kushuka ngazi moja kwa dakika tatu, apime mara amalizapo, na apime tena baada ya dakika moja ya kupumzika. Aandike tarakimu hizo tatu, na kurudia baada ya wiki nane za mazoezi. Kadiri moyo unavyopata nguvu, mapigo ya asubuhi hupungua, na yale ya baada ya kazi hushuka upesi zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Jambo moja lisisahauliwe mwishoni mwa mazoezi. Mtu aliyekimbia asisimame ghafla. Miguu ikiacha kukamua vena, damu hutuama chini, ubongo hupungukiwa, na kizunguzungu hufuata. Ndiyo sababu hata askari wenye afya huanguka kwenye gwaride baada ya kusimama muda mrefu bila kutikisika. Ni heri kutembea polepole kwa dakika chache.

WANAOPASWA KUJIHADHARI

Shinikizo la juu la damu kwa kawaida halina maumivu; hujulikana kwa kupimwa tu, na kila mtu mzima inafaa apimwe. Anayetumia dawa asiziache kwa kuwa ameanza mazoezi. Mganga ndiye atakayeamua. Mtu anayebanwa na maumivu ya kifua apandapo mlima, anayezimia, anayekosa pumzi akiwa amelala, au anayevimba miguu, apelekwe hospitali kabla ya kufikiria mazoezi. Vivyo hivyo mtoto aliyeugua koo, kisha akavimba viungo, na baadaye akawa anachoka upesi kuliko wenzake mchakamchakani, asiitwe mvivu. Huenda vali za moyo wake zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Katika asubuhi za Juni hadi Agosti, baridi ya Mbeya na Iringa hubana mishipa ya ngozi na kupandisha shinikizo. Wazee waanze polepole, wakiwa wamevaa nguo nzito.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kupambana na malaria, kichocho, safura na kifua kikuu. Maradhi hayo hayajatoweka, na sasa yameongezewa maradhi ya moyo na mishipa, ambayo huja kimya kimya kwa mtu anayeketi. Dhidi ya maradhi haya Nyanda za Juu Kusini zina dawa iliyo karibu na kila mlango.

Mama wa Ipogolo amekwisha fika sokoni. Ameitua ndoo yake, anapanga nyanya mafungu mafungu, na mapigo ya moyo wake yameanza kushuka: 140, 110, 90. Kesho ataupanda mlima tena, na moyo wake hautakuwa umesahau njia.